Bonde la Mungu

Kama uzuri ungekuwa chakula, watu wa bonde lile wangekufa kwa kuvimbiwa. Maporomoko yalishuka mwambani meupe kama maziwa yanayofoka, na ukungu wake uliacha majani yamelowa mpaka mchana. Wanawake walifua chini yake huku watoto wakijirusha majini uchi, bila kumwogopa mtu. Watu walikula nje, waligombana nje, na walipatania hukohuko. Nyumba zilikuwa za mvua tu.

Mjane mmoja alirina asali juu ya maporomoko, kwenye miti ambayo marehemu mumewe aliitundikia mizinga. Alipuliza moshi taratibu, akakata masega na kuwaachia nyuki fungu lao. Maisha yake yote yalikuwa kwenye miti ile.

Sasa, watu wale walikuwa na ugonjwa mmoja: hakuna aliyesema "changu." Msifie mtu mbuzi, atakwambia ni wa Mungu. Msifie mtoto, wa Mungu pia. Ilikuwa adabu, na kinga ya kijicho. Hata shemeji wa yule mjane mrina asali, mchonga mizinga, alipoulizwa kitambi kile cha nani, alijibu, "Cha Mungu. Mimi nakibeba tu."

Siku moja akaja mpima ardhi, kijana mpole mwenye buti safi. Alimkuta mrina akishuka na ndoo, akaonjeshwa asali, akafumba macho.

"Mama, sijapata kuonja kitu kama hiki. Na miti yote hii huku juu ni ya nani?"

"Ya Mungu tu, mwanangu," akajibu mrina, kama mama yake alivyomfundisha. "Karibu tena."

Akamfungia na sega la kwenda nalo. Hilo ndilo linalonitia uchungu kuliko yote: alimfungia na sega.

Mvua zilizofuata zilikuta uzio. Maporomoko, miti na mizinga yake, vyote alipewa tajiri wa kujenga hoteli. Mrina na shemeji yake wakaenda ofisi ya ardhi, wakamkuta yule kijana, mpole vilevile.

"Mama, si nilikuuliza? Ukaniambia haina mwenyewe."

"Nilikwambia ni ya Mungu."

"Ndiyo hivyo. Na nyumba zote nilizopita walinijibu hivyohivyo."

"Bwana mdogo," shemeji akaingilia, "hayo ni maneno ya adabu. Kwenu hamsemi?"

"Kwetu mtu akiulizwa chake, anasema chake, mzee."

Hakuwa anawakejeli, na heri angewakejeli, wangepata wa kumchukia. Mrina alirudi nyumbani, hasira imemjaa kifuani na haina pa kwenda, kwa sababu ulimi ulikuwa wake. Wazee walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kwamba adabu nayo huponza.

Mizinga ilishushwa, maana nyuki huwatisha wageni. Watoto wakafukuzwa majini. Mrina akapewa kibarua cha kufagia majani chini ya miti yake mwenyewe, ili wageni wauone vizuri uzuri wa mahali. Njaa haina aibu, akakubali.

Asubuhi moja alikwenda kazini na mjukuu wake mgongoni, kwa kuwa binti yake alikuwa mgonjwa. Mgeni mmoja, mama wa makamo, akasimama kumtazama mtoto.

"Mashallah, mtoto mzuri huyu. Wa nani?"

Jibu lilimjia mdomoni lenyewe, kama siku zote. Mrina akalimeza.

"Wangu," akasema kwa sauti, akakaza mbeleko. "Wangu mimi. Ana mama, ana baba, na bibi yake ndiye huyu."

Mgeni akarudi nyuma kidogo. "Jamani, mimi nilikuwa namsifu tu."

"Najua," mrina akasema, akauinamia ufagio wake. "Hata yule alianza kwa kusifu asali."