Mwanya kwenye Mikomamanga

Abdillahi alipopanda mikomamanga mpakani mwa viwanja vyetu, hapa Unyambwa, nilimcheka waziwazi. Kila tawi alililaza ubavu kwenye waya na kulifunga kwa kipande cha tyubu, kama mtu anayefunga kuku wa kupeleka mnadani. Alitaka mkewe, Rukaiya, akae uani bila mtandio, macho ya watu yasimfikie. Macho ya watu maana yake mimi, kwa kuwa upande ule jirani mwingine hakuna.

"Si ungejenga ukuta tu?"

"Ukuta unazaa makomamanga, Lazaro?"

Baada ya miaka mitatu matawi yalisukana, ikabaki sehemu moja wazi, mwanya wa upana wa dirisha. Hapo tulisimama kila asubuhi, yeye kwake, mimi kwangu, tukibishana juu ya mvua, bei ya alizeti, na nani kati yetu atazikwa kwanza. Tangu mke wangu Theresia afariki, sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye. Mwanangu Peniel yuko Dodoma, simu zake ni za sikukuu.

Basi nikafanya jambo la kitoto. Kila chipukizi lililotaka kuziba mwanya nililikata kwa kisu, alfajiri, kabla Abdillahi hajarudi kutoka msikitini. Maskini akalaumu udongo. Akaleta samadi ya mbuzi, akakuna kichwa, akauita mti ule mbishi. Nami nilimpa pole bila haya.

Mwezi uliopita alianguka bafuni, hakuamka tena. Nilibeba jeneza zamu mbili. Wiki iliyofuata nilikwenda mpakani nikakata machipukizi kama kawaida, ingawa upande wa pili hapakuwa na mtu. Nilikuwa mpweke, na sikujua kitu kingine cha kufanya asubuhi.

Juzi binti yao, Kauthar, alinikuta pale na kisu mkononi.

"Shikamoo, Baba Peniel."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Yuko ndani, eda bado miezi mitatu. Magoti yanamsumbua, anatamani kuota jua uani, ila hapa anaonekana." Akainamisha uso. "Anaomba usikate tena."

Nikaficha kisu mgongoni. "Nani kawaambia nakata?"

"Baba alikuwa anakuona akitoka msikitini, toka mwaka juzi."

"Na samadi yote ile?"

"Alikuwa anakuzuga tu. Mimi nilimwambia akuseme. Akasema, 'Mwache. Akiacha kukata, nitaongea na nani?'"

Niliketi chini nikalia mbele ya mtoto wa watu.

Jana asubuhi nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vipande. Nikashusha tawi refu la juu, taratibu lisivunjike, nikalifunga kwenye waya. Kisha la pili, na la tatu, mpaka ua wao ukapotea machoni pangu. Nikasikia mkeka ukitandikwa.

"Ahsante, Baba Peniel," Rukaiya akasema kutoka huko.

"Karibu," nikajibu.

Siku nzima ya jana sikutamka neno jingine.