Kikombe Alichokiacha Abu Nayef

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na moja, katika shule ya usiku mjini Zarqa, baada ya zamu ya kiwandani. Nilipostaafu na kurudi kwetu Karak, nikaandika historia ya ukoo. Miaka sita nilifukua daftari za mahakama ya Waturuki waliotutawala zamani. Masimulizi ya barazani sikuyataka, nilitaka tarehe.

Abu Nayef na wazee wake walipokuja kumposea mwanawe Nayef mjukuu wangu Wadha, alipewa kahawa akaiweka chini bila kuionja, kama afanyavyo mwenye ombi mpaka akubaliwe. Kilichobaki ni mkubwa wa nyumba kutaja nasaba, kwamba babu yetu Salman na babu yao Dgheim walikuwa ndugu wa tumbo moja, kisha aseme: kunyweni, binti ni wenu.

Miaka yote aliyeitaja nasaba hiyo ni ami yangu Freih. Sasa alikuwa hoi kitandani chumba cha pili, zamu ikawa yangu. Nikafungua kitabu changu, nikasoma kwamba Dgheim alikuwa mgeni, alimuua mtoto wa Salman kisimani, wakapatanishwa mwaka 1896. Nilidhani watanipongeza.

"Kumbe ndivyo mnavyotuhesabu," alisema Abu Nayef. "Wana wa muuaji."

Nilijitetea kwamba karatasi haimtukani mtu. Mzee mmoja akaniuliza kama karatasi hiyo ina binti wa kuoza. Wakainuka. Kikombe kikabaki kimejaa.

Ami Freih akaniita. Nikamwambia nimesema kweli tu.

"Nani kakwambia sikuijua? Baba alinionyesha hata kisima chenyewe. Salman alikataa ngamia wa fidia, mwanangu. Alisema, huyu tangu leo ni ndugu yangu, na atakayemwita vingine amemuua mwanangu mara ya pili. Hilo Waturuki waliliandika?"

"Hawakuliandika, ami."

"Basi umesoma nusu."

Wadha aliingia, akakimwaga kikombe, akakiosha. Nayef alioa kwingine. Wadha anafundisha Amman, na huja sikukuu kwa sikukuu.

Maneno ya ami nimeyaandika kwa mkono ukurasa wa mwisho. Mara mbili nimempelekea Abu Nayef kitabu hicho. Hunimiminia kahawa kwa adabu zote. Zamani aliniita binamu.

"Karibu, mgeni," husema.