Baridi ya Fundi Sudi

Sudi alifariki mwanzoni mwa Ramadhani, mchana wa jua kali, akiwa amechuchumaa nyuma ya friji la Bi Tatu. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa barazani akimenya muhogo wa futari. Alimsikia akisema, "Gesi imevuja yote," kisha akasikia bisibisi ikianguka sakafuni. Akamaliza kumenya kipande alichokishika, akanawa mikono, akaingia karakana. Mumewe alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye mgongo wa friji, kama mtu anayesikiliza jambo ndani yake.

Kufikia alasiri nyumba yao ya Mtawanya ilikuwa imejaa watu. Wanawake walichoma ubani, wanaume wakaleta kitanda cha kuoshea maiti kutoka msikitini, na Sudi akalazwa juu yake, akafunikwa shuka. Aliyekuwa akisubiriwa ni Shehe Issa, imamu wa mtaa, kaka yake Mwanaidi, na mtu aliyecheza bao na marehemu tangu wote wawili hawajaota ndevu. Shehe alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mwanaidi," alisema, "siwezi kumswalia."

Kila mtu alijua sababu. Ijumaa moja, miaka mingi nyuma, Sudi alikuwa akifunga kamba za viatu ili aende msikitini, akagundua kwamba ndani ya nafsi yake hamna kitu kinachokwenda huko. Hakugombana na Mungu. Hakufiwa na mtoto, wala hakuna shehe aliyemdhulumu. Alivua viatu tu, akarudi kwenye mafriji yake. Alipoulizwa hadharani alijibu kwa upole kwamba yeye haoni kama kuna mtu huko juu. Wakamuuliza tena, wampe nafasi ya kujirudi, akajibu vilevile. Watu wangemsamehe hasira; aliyemkasirikia Mungu bado yumo nyumbani mwake, amenuna tu. Utulivu wake ndio uliowashinda.

"Nipe neno moja, mdogo wangu," Shehe Issa alimbembeleza. "Wewe ndiye uliyekuwa karibu. Hakutamka chochote mwishoni? Hata midomo tu kucheza?"

Mwanaidi alikuwa mtu wa swala tano. Alimwombea mumewe kila alfajiri, naye mumewe alikuwa akimtandikia mswala na kurudi kulala. Neno lilifika kwenye ncha ya ulimi wake.

"Mwambie ukweli," Sudi alisema kutoka chumbani, chini ya shuka yake.

"Alisema gesi imevuja," akasema Mwanaidi.

Shehe Issa akainamisha kichwa. Waoshaji wakashusha mikono ya kanzu waliyokuwa wameikunja. Sudi naye akainuka, kwa sababu kitanda kilikuwa mali ya msikiti, na kule Likombe kulikuwa na mzee mahututi ambaye huenda angekihitaji. Akawasaidia kukipitisha mlangoni, maana mlango ule ni mwembamba, kisha akaenda kukaa karakana kwenye kigoda chake.

Jirani yao, Helena, karani wa bandarini aliyehamia kutoka Mbinga, alijaribu upande wa kwao, kanisani. Katekista akamjibu kwamba hata Mkatoliki wao wenyewe, asipohudhuria sala za jumuiya mtaani, hawamziki. Sembuse Muislamu wa watu ambaye hata Muislamu si Muislamu. Helena akarudi na jibu hilo, akalisema taratibu, akakaa na Sudi mpaka jua likaanza kupunga.

Maiti asiyezikwa hupoa, na Sudi alipoa kuliko kawaida. Asubuhi Mwanaidi alikuta kuta za karakana zinatoa jasho na kikombe cha chai alichomwachia kimefanya ganda la barafu. Umeme siku zile ulikuwa ukikatika ovyo, na joto la Mtwara halina huruma na mfungaji. Wa kwanza kuja alikuwa Bi Tatu, ambaye friji lake lilikuwa bado bovu. Aliweka beseni la samaki aina ya changu miguuni pa Sudi, akamtazama.

"Haya, umewakataa wa msikitini na wa kanisani," alisema. "Hata Nnungu wa babu zetu wa Kimakonde humtaki?"

"Huyo hajawahi kunisumbua, Bi Tatu," Sudi alisema. "Sogeza beseni huku, nyuma yangu ndiko kwenye baridi zaidi."

Habari ikaenea. Wakaja na madumu ya maji, madafu, juisi ya ukwaju, pweza ndani ya mifuko. Hata watu wa Naliendele walileta vyao kwa bodaboda. Waliingia kwa salamu na kutoka kwa shukrani, na maghribi ilipoadhiniwa, mtaa mzima ulifungua kinywa kwa maji yaliyopoozwa na Sudi. Wanawake walibishana kidogo kama Mwanaidi ameshaingia eda au la, kwa kuwa mumewe amekufa lakini yuko karakana. Wakaona suala hilo lingoje.

Shehe Issa alikuja kila siku baada ya swala ya alasiri. Walicheza bao, yeye akiwa amejifunga shali kwa sababu ya baridi. Hawakuzungumza habari za mazishi. Alipoondoka alibeba jagi la maji ambalo mkewe alilileta asubuhi.

Siku moja, wakati akipanga samaki wa watu, Mwanaidi alimuuliza mumewe kile ambacho watu wote waliona haya kumuuliza.

"Huko umeona nini?"

"Sijaona kitu. Nilikuwa nyuma ya friji, halafu nikawa juu ya kitanda."

"Hata malaika?"

"Labda wapo, mimi sijaitwa. Labda hawapo. Siwezi kukudanganya, mke wangu."

"Ungenidanganya ningekujua," alisema Mwanaidi. Akamfuta umande uliokuwa ukiganda kwenye nyusi zake. Aliona kwamba vidole vya Sudi vimekuwa vyeupe, na kwamba anapata shida kuviinua.

"Nimechoka," Sudi alisema. "Nimekuwa kama abiria aliyeachwa na basi. Nizikeni hata shambani, kwenye mikorosho. Mimi haidhuru."

Mwanaidi akatoka kutafuta wachimbaji. Kila mwanamume aliyemwendea alikubali, na kila mmoja alikuwa na saumu, au mgongo, au safari. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumzika mtu bila swala, kama mzoga. Wote waliuliza kama kesho watapata nafasi ya dumu moja zaidi.

Alikaa kwenye kisiki kando ya njia akalia. Hakumlilia Sudi peke yake. Wazazi wake walilala kwenye makaburi ya Waislamu, na hapo ndipo na yeye angelala; alikuwa amezoea kumsikia mtu huyu akikoroma ubavuni mwake, na hakujua atalalaje milele kwenye kimya. Alimwomba Mungu amwonyeshe njia. Alingoja. Upepo ulipita kwenye mihogo. Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake.

"Midomo yake ilicheza," alimwambia. "Baada ya kusema gesi imevuja. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikasahau."

Shehe Issa alimtazama sana. Kisha akaanza kulia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na akaagiza kitanda kirudishwe.

Waoshaji wakaja, wakawakuta wanawake wakiondoa madumu yao kwa haraka. Mwanaidi alisimama pembeni na chetezo. Shehe Issa akainama mbele ya kigoda.

"Shemeji, Mwanaidi anasema ulitamka shahada. Ni kweli?"

Sudi alikuwa mtu ambaye mteja akimuuliza kama friji litapona, na haliponi, alimwambia halitapona. Alimtazama mkewe kwa kitambo. Mwanaidi hakuweza kumtazama. Aliangalia makaa ya ubani.

"Muulize yeye," Sudi alisema. "Mimi akili zangu zilikuwa kwenye friji."

"Basi," Shehe Issa alisema upesi. "Basi, inatosha."

Sudi akainuka kwa shida, akaenda kujilaza kitandani, akanyoosha miguu. Alipopita karibu na Mwanaidi aliugusa mkono wake, na chetezo kikazimika. Kisha akafumba macho na hakusema tena.

Alizikwa alasiri ile ile. Wanaume wote waliokuwa na migongo mibovu walichimba, na jeneza lilipita kutoka bega hadi bega mpaka vidole vyao vikafa ganzi. Ijumaa iliyofuata, Shehe Issa alihutubia juu ya mja aliyeongozwa katika pumzi yake ya mwisho. Mwanaidi, aliyekuwa ameanza eda, alimsikia kwa kipaza sauti akiwa ndani. Aliwasikia pia watu wakilia kwa furaha. Maneno yalikuwa mazuri. Alitamani kumwona huyo mtu aliyekuwa akisimuliwa.

Alitandika mswala akaswali. Alipofika kwenye dua hakuomba msamaha wa uongo wake. Alieleza tu jinsi ulivyotokea, kama mtu anavyomweleza mwenzake wa nyumbani.

Siku iliyofuata Helena alikuja kumjulia hali. Alivua viatu, akakaa mkekani.

"Dada, yale Sudi aliyosema mbele ya watu, mimi nayasema moyoni tangu niko sekondari. Sijawahi kumwambia mtu isipokuwa yeye, siku ile niliyokaa naye karakana."

Mwanaidi alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuuchambua.

"Akakwambia nini?"

"Akaniambia nisimwambie mwingine mpaka nipate mtu wa kunizika."

"Ukitangulia nitasema nilikusikia ukisali," Mwanaidi alisema. "Nitaapa."

"Kwenu shahidi anatosha. Kwetu wanaangalia mahudhurio." Helena akatabasamu kidogo. "Jumuiya leo inasali kwa mama Neema, hapo nyuma. Sijakanyaga huko tangu Pasaka."

"Basi nenda, utachelewa."

Mwanaidi alimtengenezea kitenge begani, akamtoa uzi uliokuwa umemganda shingoni. Helena akachukua rozari kutoka kwenye mkoba, akaivaa mkononi mahali itakapoonekana, akatoka kwa mlango wa uani. Baada ya muda mfupi waliokuwa huko nyuma walianza wimbo. Mwanaidi aliacha ungo akasikiliza. Helena alikuwa na sauti nzuri, na siku hiyo ilisikika kuliko zote.