King'ora Kifuani mwa Adolphe

Saa kumi na mbili alfajiri, Hortense alikuwa akikoroga uji wa muhogo wakati kifua cha mumewe, Adolphe, kilipoanza kulia king'ora cha kiwanda. Kililia mlio mmoja mrefu, kikakatika. Mtaa mzima ukaamka. Watu wakafagia nyua zao na kuwahimiza watoto waende shule. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa, umeme ulikuwa wa kubahatisha, na katika mji wa Likasi mwaka ule wa 1994 majirani walishukuru kupata mtu wa kuwatunzia saa. Tatizo ni kwamba Adolphe mwenyewe hakuwa akipata usingizi, na mbavu zake zilikuwa zimeanza kuachana.

Hortense akampeleka kituo cha afya kwa muuguzi, Mama Émérence. Kabati la dawa lilikuwa tupu tangu mji ulipoporwa. Hata kufuli lake waporaji waliondoka nalo. Lakini Émérence alikuwa amejifunza tiba ya mazungumzo, iliyokwisha kupimwa kwa wagonjwa wengi kwingine ikaonekana inaponya, naye hakuona kwa nini watu wa Likasi wanyimwe kitu kisichohitaji kabati. Akaweka viti viwili karibu na dirisha, akatega sikio kwenye kifua cha mgonjwa.

"Baba Adolphe, utaniambia ile siku sirène, king'ora ya kiwanda, ilikatika. Ku mwanzo mpaka ku mwisho, usiruke kintu. Kisha utarudia."

Kila alipokuja, Adolphe alisogea mbele kidogo katika kisa chake. Alisimulia ubao uliooza juu ya tangi la asidi, na rafiki yake Théophile akiomba ubadilishwe, akaomba tena, akaambiwa asilete ujuaji. Alisimulia ubao ulipovunjika, Théophile akatumbukia. Yeye ndiye aliyekuwa mvuta kamba ya king'ora. Ajali ilitaka milio mitatu, alivuta mmoja. Hapo kifua kililia hata kioo cha dirisha kikapasuka. Émérence akaenda kutafuta boksi la kuziba, akaziba, akarudi kuketi.

"Na kisha?"

"Shefu, mukubwa wa kazi, akanikamata mukono. Akasema, 'Achia kamba, bageni ba Kinshasa banakula.' Minye nikaachia."

Aliirudia sentensi hiyo mpaka akaweza kuisema bila kukwama. Siku alipofika mwisho wa kisa, kifua chake kikatoa milio miwili iliyobaki. Mjini watu wakaacha sufuria motoni, wakakimbia na machela hadi lango la kiwanda. Mlinzi akauliza nani kaumia. Wakamjibu, Théophile. Mlinzi akasema huyo alikufa zamani kwa sababu ya ulevi, kampuni iliandika hivyo, warudi makwao.

Ulevi! Théophile, mwimbaji wa kwaya, aliyekunywa Fanta siku ya harusi yake mwenyewe!

Kule kituoni Adolphe alikuwa amelala palepale kitini, akikoroma, na Hortense akamfunika kitenge.

Kesho yake mtaa ulichelewa kuamka. Kampuni ikatuma mtu wake kituoni, amevaa tai. Hakuuliza habari za tangi wala ubao. Alitaka mlio urudishwe kifuani mwa Adolphe, maana bila huo watu wangefahamu kwamba kiwanda hakikufungwa kwa muda tu, kimekufa.

"Ile sirène ni ya kampuni, mama."

"Na ule muntu alikufa," Émérence akamuuliza, "alikuwa wa nani?"

Mtu wa tai akasema kuhusu hilo hakutumwa.

Alfajiri iliyofuata king'ora kililia tena, milio mitatu kamili. Safari hii kilitoka kifuani mwa Marceline, mjane wa Théophile. Alikuja kituoni kwa miguu yake. Émérence akamvutia kiti, lakini Marceline hakuketi.

"Mama, minye siko mugonjwa. Niko na kasirani. Iyi sirène usiiguse."

Émérence akayapitia moyoni yote aliyofundishwa. Hakukuwa na somo la kumponya mtu hasira iliyo haki yake. Alikasirika naye pia, akasema wazi kwamba amekasirika, kisha akakibeba kile kiti kichwani na kumfuata Marceline hadi kwenye uzio wa nyumba ya mkurugenzi wa kampuni.

Kiti kipo pale hadi leo. Kila alfajiri Marceline huketi, akafungua kifungo cha juu cha blauzi, na milio mitatu ikasikika hadi Kakontwe, pembezoni mwa mji. Mkurugenzi hufunga dirisha na kurekebisha saa yake, na Théophile bado ameandikwa mlevi.