Siku ya Tatu, na Mtoto Hana Jina
...na sasa ati Milenia, kama jina la sabuni, kama kitu kinachouzwa soko la Tala ndani ya mfuko wa karatasi, mtoto mzima wa watu, na pua ya babu yake hii hapa usoni, aitwe Milenia, na huyu Bonface, baba yake, ameketi kwenye kigoda changu, gazeti amelifungua kwa mikono miwili kama mtu anayeanika shuka, anasoma, anasoma, hata hainui macho aone jua limeshafika juu ya paa na leo ni siku ya tatu, na mimi ndiye susu, nyanya wa nyumba hii, mimi ndiye ninayengojewa, maana kwetu mtoto siku hizi za kwanza bado ni wa kule alikotoka, wa roho, humtoi nje, humwiti chochote, mpaka susu amtamkie jina ndipo anaingia kwa watu, na jina ninalo tangu nilipompokea mapajani, Syombua, jina la mama yangu, limetulia kwa ulimi kama uji, lakini baba mtoto amekataa, amekatalia papo hapo, "Susu, huyu amezaliwa siku ya kwanza ya mwaka elfu mbili, dunia nzima inajua hiyo siku, na akina Syombua wako wangapi hapa Kangundo? Ukirusha jiwe unapiga watatu," akacheka, mjukuu wangu, mume wangu mdogo huyu niliyembeba kwa mgongo huu huu, nikamwambia basi rusha, unipige na mimi, ndiyo akajificha nyuma ya gazeti, na sasa ameanza tena, "Sikiza hii, susu, matukio makubwa ya karne, yote wameyapanga," nani amemwuliza, "vita ya kwanza ya Wajerumani," naijua, baba yangu aliibeba kichwani hiyo, masanduku ya risasi mpaka Tanganyika, akarudi na nyayo zimepasuka kama shamba la kiangazi, hazikufunga tena mpaka tunamzika, lakini gazeti haliwezi kusema nyayo... "bomu la Japani," Mungu awarehemu... "mtu kutua mwezini," hiyo marehemu Nzuki, mume wangu, alitoka nje na blanketi, akautazama mwezi mpaka shingo ikamwuma, akarudi akasema mimi sioni mtu, akalala... "ukuta wa Berlini," ati watu wakashangilia ukuta ukivunjwa, na sisi hapa tunajipinda migongo tukijenga matuta udongo usiende na maji... shhh, mama, nyamaza, susu yako hakugombeshi wewe, anagombana na karatasi... "Mandela kutoka jela," haya, hapo hata mimi nililia, na redio haikuwa yangu... halafu huyu huyu anayesoma ndiye alikuja Krismasi akatutisha, mwaka ukigeuka kompyuta zitakufa, ndege zitaanguka, stima itazima nchi nzima, nikamwambia hapa kwangu izime mara ngapi na haijawahi kuwaka, na mwaka ukageuka, kitu gani kilianguka, hakuna, mtoto tu, huyu, na hajaanguka, ametoka vizuri na kelele zake... "Na ng'ombe?" nimeuliza, sijui kwa nini nimeuliza, "ng'ombe wetu wako ukurasa gani?" na yeye, "Ng'ombe gani, susu?" Asi! Ng'ombe gani! Mtu anafanya kazi Athi River, kila asubuhi anashuka pale pale walikopelekwa, na ananiuliza ng'ombe gani, wale wazungu waliokuja kutuchukulia wakisema mifugo yenu ni mingi, inamaliza udongo, wakawaswaga kwenda kiwanda cha nyama kwa bei ya kutupa, mpaka Ukambani ikaamka, wanaume, wanawake, hata sisi watoto wa kuchunga mbuzi, tukatembea kwa miguu mpaka Nairobi, tukakaa Kariokor tukisema hatutoki, Gavana aje atuone, na mama alitembea na tumbo lake limeshuka hapa, mimi nyuma yake na kibuyu, akazalia hapo hapo, baridi ile ya Julai, wanawake wamesimama kumzunguka wameshika mablanketi, mtoto msichana, mweupe wa viganja, mimi nilishika kidole chake... na siku ya tatu ikafika, mama akasema, nimpe jina? na wale wanawake wakamrukia, wewe nani, jina linatoka kwa mama mkwe wako Kalunde, na Kalunde yuko nyumbani, ngoja, wiki hii Gavana anakuja, tukirudi atapewa jina kwa utaratibu, wakabishana pale mmoja hivi, mwingine vile, huyu anasema tutume mtu, yule anasema mwiko, na Gavana hakuja wiki ile, wala iliyofuata, na mtoto akakohoa, na mama akawa anamwita wewe, nyonya wewe, lala wewe, mpaka asubuhi moja wewe hakuamka, na walipomfukia wakabaki wamesimama tu, utamuaga vipi mtu ambaye hukumwita... na ng'ombe walirudishwa, ndiyo, tulishinda, vigelegele mpaka Machakos mjini, Kitune wetu mwekundu akarudi amekonda mbavu nje, baba akamwita mara moja tu, "Kitune!" akageuza kichwa, na mama hakupiga kigelegele, aliingia ndani, sikuelewa, nilikuwa mtoto, nilikuwa nashangilia ng'ombe... "Susu, hujaniambia," huyu na gazeti lake, "ni ng'ombe gani hao?" nikwambie nini sasa, na wewe mambo makubwa yako yote yamejaa ukurasa... na Ndinda kule kitandani, nilidhani amelala, mama wa mtoto, sauti yake imechoka, "Susu, mpeni lolote tu, mimi nimechoka kumwita wewe." ...Wewe. Amesema wewe. Ndinda, nani amekufundisha hilo neno... na mimi nimekaa hapa tangu kifungua kinywa na jina mdomoni kama mzee anayetafuna tumbaku, nikingoja huyu ashindwe, huyu naye anangoja mimi nishindwe, kama wale wanawake na mablanketi yao, kila mtu ana utaratibu, kila mtu anajua zaidi, na mtoto ananitazama, macho yake hayajashika kitu bado, yanaelea, yuko mlangoni na sisi tunabishania mlango... Syombua, mama yangu, ungesema nini wewe, ungeninyang'anya huyu mtoto na kunipiga kofi, ungesema mpe, mpe hata la sabuni, mpe hata la bati, mpe tu... haya, Bonface bado anageuza kurasa, anatafuta ng'ombe, hatawapata, jua liko pale pale juu ya paa, na jina ni baya, nitalisema hata mbele ya padri kwamba ni baya, halikai mdomoni, lina kona kona, lakini mtoto akiitwa kila siku, akiitiwa chakula, akiitiwa mvua inanyesha rudi ndani, litalainika lenyewe, kwani langu lilianza laini... lete sikio, mama, hilo dogo, hilo... Milenia. Milenia, karibu. Ingia kwa watu.