Mgongo wa Sumirah

Siku tatu kabla ya kutetea tasnifu yake, Asti aliacha kula. Naishi naye chumba kimoja, hapa Yogyakarta nyuma ya soko la Demangan, kwa hiyo halikunipita. Namletea wali na tempe, ile mikate ya soya, anaugeuzageuza kwa kijiko, halafu ananisogezea sahani.

"Kula wewe, Endah. Mimi tumbo limefunga."

Alikuwa ameshafeli mara moja. Mwaka uliotangulia, Dokta Hendrarto, mtahini mkuu wa idara yetu ya filamu, alimuuliza maswali matatu tu, akafunga jalada na kusema, "Rudi ukaitazame hiyo filamu, binti, ndipo uje tuzungumze." Kanuni ya chuo ni kutetea mara mbili. Ya tatu haipo.

Basi Asti alirudi akaitazama. Aliitazama mpaka mimi niliyekuwa nimelala upande wa pili wa pazia nikawa najua maneno yote kwa moyo. Filamu yenyewe ni *Nta Inapopoa*, ya mwaka 1978. Ni habari ya Sumirah, mwanamke wa kijijini anayechora batiki kwa kalamu ya nta, ambaye mumewe alimwacha miaka tisa bila barua wala salamu. Asti aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitatu, amekaa na bibi yake mbele ya televisheni, na tangu siku hiyo hakuna filamu nyingine iliyomkaa moyoni namna ile.

Kilichomshika ni picha moja. Mume anarudi. Anasimama mlangoni, anaita, "Sumirah." Kamera imewekwa chini kabisa, usawa wa mkeka, nyuma ya Sumirah. Tunaona mgongo wake, kisogo, na mkono unaochora. Mume anaongea, anaomba, analia. Dakika nne kamera haisogei, na Sumirah hageuki. Kinachobadilika ni mabega tu: yanapanda kidogo kidogo, yanakakamaa, kama mtu anayebeba ndoo asiyotaka imwagike.

Sura ya tatu ya tasnifu, kurasa thelathini nzima, ilikuwa juu ya mabega hayo. Asti aliandika kwamba mwongozaji alitunyima uso kwa sababu uso ule ni mali ya Sumirah, si yetu. Aliandika jinsi yule nyota aliyeigiza, mwenye tuzo kwa filamu hiyohiyo, alivyoweza kuigiza kwa mgongo. Tena aliandika aya moja ndefu kuhusu mkono: filamu nzima Sumirah anachora kwa mkono wa kulia, ila katika picha hii anachora kwa wa kushoto. Asti aliita hiyo ishara ya moyo uliogeuka. Msimamizi wake, Mama Palupi, aliipenda sana aya hiyo.

Siku hiyo ya tatu kabla, mtu mmoja wa maktaba ya filamu alimtumia ujumbe: msaidizi wa mpiga picha wa filamu ile bado yu hai, anaitwa Mzee Tukiman, anakaa Klaten, mji wa jirani. Asti alifurahi kama mtoto. "Nikipata maneno yake mawili tu ya kuongezea, Hendrarto atanyamaza." Nilitoa pikipiki yangu, tukaondoka asubuhi ileile.

Mzee Tukiman alitupokea kwa heshima, amevaa shati lililopigwa pasi. Mkewe, Mama Sarinem, alitoka jikoni na birika la chai ya sukari nyingi, akatumiminia, akakaa kwenye ngazi kuchambua maharage. Asti aliwasha kinasa sauti. Akauliza habari za lenzi, za taa, za ule udogo wa chumba. Mzee alijibu vizuri. Ndipo Asti akauliza, "Mzee, ile picha ya mgongo, nyota alijiandaa vipi?"

Mzee akamtazama mkewe.

"Nyota gani?" akasema Mama Sarinem bila kuinua macho. "Siku hiyo hakuwepo."

"Sarinem!"

"Sasa nimesema uongo? Alikwenda Jakarta, mama yake mgonjwa. Watu wote wamekaa wanasubiri, jua linashuka. Wewe ndiye uliyekuja kuniita, 'Njoo ukae, mgongo wenu unafanana.'"

Nilimwangalia Asti. Kikombe kilikuwa kimesimama katikati ya meza na mdomo.

"Yule ni wewe, Mama?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni mimi. Nilikuwa nimeajiriwa pale kuwafundisha kuchora. Wakanivika nguo zake, wakanisuka nywele kama zake. Wakaniambia, fanya kazi yako, ukisikia mtu anaongea usigeuke. Basi."

Alikuwa anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Niliona macho ya Asti yakifuata mkono ule, kwenye ungo, kwenye bakuli, kwenye ungo.

"Na mabega?" akauliza. "Yale mabega yanavyopanda, Mama... ulikuwa unafikiria nini?"

Mama Sarinem alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nilikuwa na mtoto mchanga, wa miezi minne. Nimemwachia shangazi yangu nje. Yule baba alipoanza tu kuongea mlangoni, mtoto akaanza kulia. Analia, analia, na mimi nimeambiwa nisigeuke. Maziwa yananichuruzika mpaka kiunoni, nguo si yangu. Mabega yangefanyaje, mwanangu?"

Mzee akaanza kutueleza, haraka haraka, kama anayetaka kuufunga mlango uliokwisha kufunguka. Nyota alirudi baada ya siku mbili. Kila mtu alidhani picha itarudiwa. Mwongozaji akakataa. Alikuwa ameichungulia mwenyewe kwenye kamera, akasema hiyo ndiyo, haigusiki. Lakini aliwaapisha watu sita waliokuwemo chumbani wasiseme, nyota asiaibike. Kisha nyota akapewa tuzo, na siri ikawa nzito zaidi.

"Wote wamekufa," mzee alisema. "Nimebaki mimi. Niliahidi, binti. Zima hicho kidude, tafadhali."

Asti akakizima.

Njiani nilimsikia nyuma yangu akipumua kama mtu aliyekimbia. Tulipofika Prambanan akanigonga begani nisimame, akashuka, akatapika ile chai kando ya barabara.

"Kurasa thelathini," alisema akijifuta mdomo. "Nimemsifu mtu ambaye alikuwa Jakarta."

Kesho yake tulikwenda kwa Mama Palupi. Alisikiliza, akavua miwani, akaenda kufunga mlango wa ofisi.

"Nakala zimeshagawiwa kwa watahini?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi tetea kilichoandikwa. Asti, nisikilize. Unajua Hendrarto ameandika kitabu, unajua mlango mzima wa kitabu chake unahusu mabega hayohayo. Unataka kumwambia mbele ya watu kwamba miaka ishirini amekuwa akimsifu mke wa msaidizi wa kamera?"

"Lakini ni kweli, Mama."

"Kweli haina haraka. Kwanza faulu. Halafu uandike makala, hata kumi."

Kwa hakika lilikuwa shauri jema, nami nilimwambia hivyo. Na tena kulikuwa na ahadi ya mzee. Kwa nini amvunjie mzee wa watu ahadi? Asti alikubali. Alishinda akikariri majibu yake ya zamani, mabega ya nyota, uigizaji wa nyota, akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Kila akifika kwenye mkono wa kushoto ulimi ulimkwama, akaanza upya.

Asubuhi ya utetezi, saa moja na nusu, tukiwa tunavaa, simu ililia. Ilikuwa ya Mzee Tukiman. Asti akaweka sauti ya nje ili aendelee kufunga vifungo.

"Binti, samahani. Sijalala vizuri siku mbili hizi. Nakuomba tu lile jambo..."

"Sitasema, Mzee. Usiwe na wasiwasi."

"Ahsante. Unajua, ahadi..."

Tulisikia mkwaruzo, kama simu inanyang'anywa. Kisha sauti ya Mama Sarinem.

"Wewe mtoto, umeambiwa na nani usiseme? Huyu? Aliahidi yeye. Mimi sikuahidi mtu, wala hakuna aliyeniuliza. Mgongo ni wangu."

"Sarinem, nipe simu..."

"Kaa kitako. Mwanangu, mimi sikulazimishi. Ukitaka kusema, sema. Ukiogopa, nyamaza, sitakulaumu. Lakini usije ukanyamaza kwa ajili ya huyu mzee. Umekula?"

"Bado, Mama."

"Kula." Simu ikakatika.

Asti alikaa kitandani na kifungo kimoja mkononi. Kilikuwa kimekatika.

Chumba cha utetezi kina viti vya wasikilizaji nyuma, na siku hiyo tulikuwa kama kumi. Dokta Hendrarto alikaa katikati, Mama Palupi kulia kwake, na mtahini wa tatu kushoto. Asti alianza vizuri. Alieleza kuhusu kamera kuwekwa usawa wa mkeka, jinsi inavyotufanya wageni tuliokaa chini nyumbani kwa Sumirah, tusio na ruhusa ya kusimama. Nilianza kupumua.

"Sura ya tatu," alisema Hendrarto. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Hapa umefanya kazi. Hebu tueleze, nyota alitumiaje mabega yake kuijenga tabia ya Sumirah?"

Asti alifungua mdomo. Mama Palupi alikuwa anamtazama kwa macho ya kumsukuma: sema tu, sema. Dakika ikapita. Mtu nyuma yangu akakohoa. Nilijikuta nimeshika kiti cha mbele mpaka vidole vinauma.

"Mwalimu," Asti akasema, "yule siye yeye."

"Siye nani?"

"Mgongo ule si wa nyota. Sura yangu ya tatu ina kosa. Nimelijua majuzi."

Akasimulia yote, kuanzia Jakarta mpaka maziwa. Hakuipamba. Mama Palupi aliinamisha kichwa. Tabasamu la Hendrarto lilikuwa limeondoka zamani.

"Hadithi ya bibi mmoja wa Klaten," alisema. "Ushahidi?"

"Mkono, Mwalimu. Tunaweza kutazama?"

Walitazama. Asti aliweka picha ya soko, picha ya harusi, picha ya mvua: mkono wa kulia kote. Kisha mgongo: kushoto. Na si mkono wa mtu anayejaribu. Kalamu inapuliziwa, inageuzwa, inatua, na nta haidondoki hata tone. Hendrarto aliomba irudiwe. Akaomba tena. Alisogeza kiti mpaka karibu kabisa na ukuta ulioonyesha picha, akatugeuzia mgongo, tukaona mabega yake mwenyewe tu.

"Wewe uliandika kuwa ni ishara ya moyo uliogeuka," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, Mwalimu. Nilikosea."

Akarudisha kiti mezani. "Sasa nijibu hili. Kama kamera iliwekwa nyuma kwa sababu nyota hayupo, basi ni dharura tu. Haina maana yoyote. Umebaki na nini?"

Nilijua hilo hakulikariri. Asti aliishika meza.

"Iliwekwa pale kwa shida, Mwalimu. Lakini ilibaki pale kwa kupenda. Nyota alirudi, wakawa na nafasi ya kurudia, na mwongozaji akakataa. Aliona mwanamke anayeitwa na pande mbili na amekatazwa kugeuka. Sumirah ni huyo. Nadhani hakumjua vizuri Sumirah wake mpaka siku ile."

Walitutoa nje tusubiri. Dakika arobaini. Asti alikaa sakafuni kwenye ujia, magoti kifuani, akitafuna uzi wa kifungo. Walipotuita, mtahini wa tatu ndiye aliyesoma: amefaulu, kwa alama ya chini kabisa inayokubalika, na sura ya tatu iandikwe upya ndani ya mwezi mmoja. Hendrarto alimpa mkono bila kumtazama, akaondoka. Mpaka leo hajamwambia neno kuhusu kitabu chake, wala Asti hajauliza.

Jumapili tulirudi Klaten na kompyuta. Mzee Tukiman alitusalimia kwa ubaridi, akaenda kukaa uani. Mama Sarinem hakuwahi kuiona filamu ile, hata siku moja. Aliitazama tangu mwanzo, mikono mapajani, akiguna kila nyota aliposhika kalamu. "Nilimwambia asiibane hivyo." Ilipofika picha ya mgongo hakuguna. Ilipokwisha akasema, "Sumirah hamsamehe huyo mume."

"Mimi naona anamsamehe," Asti alisema. "Mwishoni kabisa mkono unapunguza mwendo."

"Mkono umepunguza mwendo kwa sababu nta imepoa."

"Huyo ni wewe, Mama. Mimi namsema Sumirah."

"Ala! Na Sumirah nta yake haipoi?"

Waliendelea hivyo, mmoja akirudisha picha nyuma, mwingine akiisogeza mbele. Asti alikuwa amevuta sahani ya wali karibu na anakula huku anabisha, punje zinarukia kwenye kompyuta. Mzee Tukiman alichungulia mlangoni, akasita, kisha akaingia, akakaa kwenye mkeka nyuma yetu kutazama.