Yai la Mvuke na Ua la Taa

...na mama anaendelea kumsimulia mama wa kitanda jirani, sauti juu, wodi nzima isikie, "huyu binti yangu Suqiong ndiye daktari wa ua la taa, Mama Pu, yuko maabara kule Kunming, ndiye aliyemwokoa baba yake kwa simu," na mimi nimeshika kijiko cha uji mbele ya mdomo wa baba ulioenda upande, fungua baba, kidogo tu, hafungui, ananikodolea macho... daktari! mimi ni mtu wa panya, tunawaziba mshipa wa ubongo kisha tunawadunga dawa tuliyoichuja kwenye ua hilo linaloota mlimani nyuma ya nyumba yetu, na seli kadhaa zinapona, seli za panya, na kila mwaka mpya nikirudi kijijini wananikalisha kiti cha wazee, hebu tueleze Suqiong, nami naeleza, natia chumvi, "kumbe bibi zetu walijua!" walijua, nasema, walijua... halafu jana asubuhi simu, "baba yako mkono umelegea, anaongea kama mlevi, nimempikia yai la mvuke na ua la taa, nimpe?" na wageni wa kiwanda cha dawa wako mezani, mpe, mama, mpe tu, nitapiga baadaye, kama mtu anayefukuza nzi, akampa, wakakaa kusubiri ua lifanye kazi hadi jua likazama, na leo daktari akanivuta koridoni, ni kiharusi, mngemleta mapema tungeyeyusha damu iliyoganda, sasa... aibu inanipanda hadi masikioni, "alimaliza bakuli zima," mama anasema, "bila ua lile tungekuwa tunazika," nyamaza mama, tafadhali, mbona huniangalii... mama alikuwepo koridoni. Alikuwa nyuma yangu na chupa ya maji ya moto, alisikia kila neno, anajua, anapiga kelele za sifa ili mtu asiniulize kitu, ananifunika, mimi msomi mzima nimejificha nyuma ya mama yangu kama mtoto aliyevunja sahani... "basi ngoja nimpigie dada yangu," Mama Pu anatoa simu, "shemeji tangu staftahi anaangusha vijiti vya kulia, na ua hilo wanalo ndani, wampikie na yai, siyo, daktari?" na mama sasa ananiangalia, macho yanasema itikia tu mwanangu, itikia yaishe, lakini mume wa watu anaangusha vijiti sasa hivi, muda bado upo, na nikisema asile kitu, akimbizwe hospitali, wataniuliza mbona baba yako ulimpa, na baba yupo hapa anasikia, atajua nani kamfikisha hapa... labda anajua tayari, labda ndiyo maana hataki uji wangu, basi asikie kutoka kwangu mwenyewe, simu ya Mama Pu imepokelewa, "haloo, dada?" kijiko bado kiko hewani, na mdomo unaofunguka ni wangu.